Moto Umepita Mlimani: Tuokoe Udongo na Kijito



Moto wa porini ukizimwa, watu hushukuru na kurudi nyumbani. Wengi hudhani kwamba hatari imekwisha. Sivyo. Hatari ya pili bado inakuja, nayo inakuja na mvua.

Mvua ya kwanza baada ya moto inaweza kuleta hasara kubwa kuliko moto wenyewe. Inaweza kuchukua udongo wa mlimani, kujaza mchanga kijito na kuziba chemchemi. Inaweza kubomoa nyumba zilizo bondeni. Majani huota tena. Lakini udongo ukishateremka kwenda mtoni, hauwezi kurudi.

Mara nyingi moto hutokea mwisho wa kiangazi, wakati majani yamekauka. Kwa hiyo siku za kujiandaa ni chache. Fikiria mlima Kilimanjaro. Moto mkubwa ulianza huko Jumapili, tarehe 11 Oktoba 2020. Uliunguza zaidi ya kilometa 90 za mraba. Huo ulikuwa mwezi ambao watu wa kaskazini ya Tanzania huanza kungojea mvua za vuli.

Katika somo hili utajifunza kwa nini mlima ulioungua humomonyoka, na kazi gani kijiji kinaweza kufanya kwa majembe, mapanga na mikono yake. Soma polepole. Kisha zungumza na wenzako.

1. DAKIO LA MAJI NI NINI?

Tazama nyumba ya bati wakati wa mvua. Matone huanguka mahali pengi juu ya paa. Yote huteremka kwenye mfereji mmoja. Mfereji hupeleka maji kwenye pipa.

Kijito chako ni kama ule mfereji. Milima na miteremko yote inayoleta maji kwenye kijito hicho ni kama paa. Eneo lote hilo huitwa dakio la maji. Kila mtu anayelima, anayechunga au anayeishi katika eneo hilo, yumo ndani ya dakio la maji. Akiharibu juu, wa chini wataona.

Lakini mlima wenye msitu una tofauti na bati. Bati humwaga maji yote mara moja. Msitu huyapokea polepole. Majani ya miti huvunja nguvu ya matone. Majani makavu yaliyolala chini hufyonza maji kama godoro. Mizizi na wadudu hutoboa udongo, na maji huingia ndani. Huko ndani maji hutembea polepole, miezi mingi, mpaka yatokeze kwenye chemchemi. Ndiyo sababu chemchemi hutoa maji hata Septemba, wakati mvua imekwisha kusahauliwa.

Sasa tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, huleta lita 1 ya maji. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Mvua kubwa ya alasiri moja inaweza kufika milimita 40. Basi hekta moja hupata lita 400,000. Debe moja ni lita 20. Kwa hiyo hekta moja hupokea madebe 20,000 ya maji kwa alasiri moja!

Madebe hayo yakiingia ardhini, ni akiba yenu. Yakiteremka yote kwa pamoja, ni adui yenu. Maji ni yale yale. Tofauti ni hali ya udongo.

2. MOTO UNAFANYA NINI?

Moto huharibu dakio la maji kwa njia nne.

Kwanza, moto huvua udongo nguo yake. Majani ya juu yameungua, na yale ya chini yameungua. Tone la mvua sasa linapiga udongo mtupu kama nyundo ndogo. Udongo huruka, huvunjika na kuwa vumbi la matope.

Pili, majivu na vumbi huziba matundu ya udongo. Maji hukosa mlango wa kuingilia.

Tatu, moto mkali huacha utando usiopenda maji. Majani na miti ina mafuta na nta. Moto huyayeyusha na kuyageuza mvuke. Sehemu ya mvuke huo huingia ardhini, hupoa na kuganda kwenye chembe za udongo. Unaweza kupima wewe mwenyewe. Ondoa majivu kwa mkono. Mwagia maji kidogo juu ya udongo. Yakikaa kama shanga juu ya jani la muhogo, bila kuingia, utando upo. Fukua kidogo kwa kidole, kisha pima tena. Wakati mwingine utando umejificha chini ya udongo wa juu.

Nne, mizizi hufa. Mizizi iliyokufa huendelea kushika udongo kwa muda. Kisha huoza. Ndiyo sababu miteremko mikali inaweza kuporomoka hata mwaka wa pili au wa tatu baada ya moto, wakati watu wamekwisha kusahau.

Kuna jambo la tano kwenye milima mirefu yenye ukungu, kama Kilimanjaro. Huko miti ya juu hunasa ukungu. Ukungu hugeuka matone kwenye majani na ndevu za miti, nayo matone hudondoka chini. Miti hiyo ikiungua, ukungu hupita bila kuacha kitu. Wataalamu waliochunguza Kilimanjaro wameona kwamba mioto ya miaka mingi imeushusha mpaka wa juu wa msitu, na mlima umepoteza sehemu ya maji yake.

3. KABLA YA KUANZA KAZI

Msikimbilie mlimani siku ile ile moto unapozimwa. Visiki na mizizi huweza kuwaka chini kwa chini siku nyingi. Mtu anaweza kukanyaga shimo la makaa na kuungua mguu.

Miti iliyoungua shina inaweza kuanguka bila upepo. Msifanye kazi chini yake. Msiwapeleke watoto huko. Siku ya upepo mkali, ahirisheni kazi.

Halafu chagueni watu wachache watembee dakio lote. Awepo mzee anayezijua chemchemi, mama anayejua njia za maji, mchungaji na bwana shamba au ofisa misitu. Wachore ramani chini kwa kijiti au kwenye karatasi. Waoneshe haya:

Miteremko ipi imeungua kabisa, na ipi bado ina majani?
Chemchemi ziko wapi?
Makorongo ya zamani yako wapi?
Nyumba, shule, madaraja na mabomba gani yako chini ya mteremko ulioungua?

Hamwezi kutengeneza kila mahali. Anzeni pale ambapo mteremko ni mkali, moto ulikuwa mkali, na chini yake pana watu au chemchemi. Mahali palipobaki majani na mizizi hai, paacheni papumzike. Patapona penyewe.

Jambo moja halingoji ramani. Familia zinazolala kando ya kijito, chini ya mlima ulioungua, zipangiwe mahali pa juu pa kwenda mvua kubwa ikianza. Mtu mmoja apewe kazi ya kupiga kengele au ngoma. Kijito kikianza kuleta matope mazito na vijiti, au kikipungua ghafla wakati mvua inanyesha, ondokeni. Pengine juu kimezibwa, na kitafunguka kwa kishindo. Usingoje kuokoa sufuria.

4. KAZI ZA KUZUIA MMOMONYOKO

Kanuni ni hii: anzeni juu, teremkeni chini. Maji huanza udogo juu. Juu unaweza kuyazuia kwa gogo. Chini hata ukuta hauyazuii.

Kazi ya kwanza: matandazo

Hii ndiyo kazi bora kuliko zote, na ni rahisi. Udongo umevuliwa nguo, basi tuuvike. Leteni nyasi kavu, mabua ya mahindi, majani ya migomba au matawi madogo. Tandazeni juu ya udongo mtupu mpaka sehemu kubwa ya udongo isionekane. Unene wa vidole viwili au vitatu watosha. Ukizidi sana, mbegu zilizomo ardhini hazitaweza kuchomoza.

Upepo ukiwa mkali, laza fito juu ya matandazo. Msitumie nyasi zenye mbegu za magugu mabaya, maana mtapanda taabu mpya.

Watu wengine hurusha mbegu za majani na kwenda zao. Mbegu peke yake huchelewa. Mvua ya kwanza huzikuta hazijaota, huzisomba hadi mtoni. Tandazeni kwanza.

Kazi ya pili: magogo ya kulaza

Miti midogo iliyokufa iliyo tayari kuanguka inaweza kutusaidia. Ikateni kwa ruhusa ya wanaohusika na msitu huo. Lazeni magogo kukata mteremko, si kufuata mteremko. Gogo likielekea chini, maji yatalifuata na kuchimba korongo.

Chimba mfereji mdogo ili gogo likae ndani ya udongo kidogo. Piga vigingi upande wa chini lisibingirike. Shindilia udongo upande wa juu, pasiwe na tundu la kupitisha maji. Mstari wa pili wa magogo uwekwe chini, ukifunika nafasi za mstari wa kwanza, kama fundi anavyopanga matofali. Pasipo na magogo, tumieni fito zilizosukwa kama ukuta wa nyumba ya udongo, au mistari ya mawe.

Magogo hujaa udongo upesi. Hayawezi kuzuia mvua kubwa sana peke yake. Ndiyo maana matandazo ni ya kwanza.

Kazi ya tatu: kupima usawa kwa herufi A

Gogo au mtaro lazima ulale sawasawa. Upande mmoja ukiwa chini, maji yote yatakimbilia upande huo. Macho hudanganya mlimani. Tumia kipimo. Wewe umekwisha kujifunza kuandika herufi A. Sasa utaijenga.

Tafuta fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 2. Zifunge pamoja juu. Panua miguu. Chukua ufito wa tatu, wa mita 1 hivi, uufunge katikati ili uunganishe miguu miwili. Umepata herufi A. Sasa ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu ya A. Jiwe lining'inie chini ya ufito wa katikati.

Simamisha A chini. Piga kigingi kwenye kila mguu. Jiwe likitulia, tia alama pale kamba inapogusa ufito wa katikati. Kisha geuza A. Mguu wa kushoto uende kwenye kigingi cha kulia, na wa kulia uende kushoto. Tia alama ya pili. Sasa pima katikati ya alama hizo mbili. Tia alama ya tatu. Hiyo ndiyo alama ya usawa.

Nenda mlimani. Piga kigingi cha kwanza. Weka mguu mmoja wa A hapo. Sogeza mguu wa pili juu au chini mpaka kamba iguse alama ya usawa. Piga kigingi cha pili. Sogea mbele vivyo hivyo. Vigingi vyako vitapinda pamoja na mlima, kama mkanda kiunoni. Fuata mstari huo kulaza magogo, kuchimba makinga maji au kupanda majani.

Kazi ya nne: kuziba makorongo

Korongo dogo leo, daraja lililobomoka kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Msijaribu kulizuia korongo kwa ukuta mmoja mkubwa chini. Maji yatauvunja, na ukuta utateremka pamoja nayo. Jengeni vizuizi vingi vidogo, kuanzia juu. Kizuizi hakina haja ya kuzidi urefu wa kiuno cha mtu. Kwenye makorongo madogo, urefu wa goti watosha.

Jenga hivi:

Chimba msingi kwenye sakafu ya korongo.
Ingiza ncha za kizuizi ndani ya kuta za korongo, kila upande nusu mita. Usipofanya hivyo, maji yatapita pembeni.
Panga mawe makubwa chini na madogo juu. Yabanane.
Katikati pawe chini kuliko pembeni, kama tandiko la punda. Maji mengi yapite katikati.
Upande wa chini, pale maji yanapodondokea, tandika mawe. La sivyo maji yatachimba shimo na kizuizi kitaanguka.

Vizuizi viachane kiasi gani? Kumbuka hivi: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kizuizi cha juu. Penye mteremko mkali vitakaribiana. Penye mteremko mdogo vitaachana.

Kizuizi cha mawe hakifungi maji. Kinayachosha tu. Maji yaliyochoka huacha mzigo wake wa udongo. Baada ya mvua chache utaona udongo umejaa nyuma ya mawe. Panda majani hapo mara moja.

Kazi ya tano: chemchemi na kingo za kijito

Zungusheni chemchemi kwa uzio wa miiba ili ng'ombe wasiikanyage. Upande wa juu wa chemchemi, chimbeni mtaro mdogo wa kupeleka pembeni maji machafu ya mvua. Katika mvua za kwanza, maji ya kijito huwa na majivu na matope. Chekecheni maji kwa kitambaa safi, yaacheni yatulie, kisha yachemsheni kabla ya kunywa. Yakiwa meusi au yakinuka, tafuteni maji mahali pengine.

Ondoeni magogo yaliyoziba chini ya daraja na kwenye makalvati kabla mvua haijaanza. Lakini msifagie kijito chote. Mawe na magogo machache yaliyoshikamana na kingo hupunguza mwendo wa maji.

5. MAJIVU NI MBOLEA. JE, TULIME?

Katika kila kijiji atatokea mtu wa kusema: "Mlima umekwisha kuungua. Majivu ni mbolea. Tupande mahindi mwaka huu tu."

Mtu huyu si mjinga. Anasema kweli nusu. Majivu yana chakula cha mimea. Mahindi ya mwaka wa kwanza yanaweza kustawi sana. Na huenda mtu huyo ana watoto wenye njaa.

Nusu ya pili ya ukweli ni hii. Jembe hulegeza udongo ambao mizizi iliyokufa ilikuwa bado inaushika. Palizi hung'oa machipukizi ya miti yanayoanza. Mvua huchukua majivu, kisha udongo mweusi, kisha udongo mwekundu. Mwaka wa tatu hakuna mahindi wala msitu. Na chemchemi imekauka. Mtu mmoja alivuna magunia machache, watu wote wa bondeni wakapoteza maji.

Tena sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ya Tanzania inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Nenda mtoni ukahesabu.

Basi, yule mwenye shida asaidiwe shamba mahali pa tambarare. Na wale ambao mashamba yao yamekuwa kwenye miteremko tangu zamani, walime kwa kukinga maji. Wamatengo wa Mbinga wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Hukata majani na kuyalaza katika miraba. Kisha huchimba udongo wa katikati ya mraba na kufunika majani. Mlima wote hujaa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mashimo hayo huitwa ngoro. Maji ya mvua hukaa shimoni, majani huoza na kuwa mbolea. Hawa ni wakulima wenzetu. Elimu hii ni yetu.

6. ACHENI MLIMA UPUMZIKE

Baada ya moto, visiki vingi si vifu. Kwaruza ganda kwa kisu. Ukiona ubichi ndani, kisiki ni hai. Mvua ikinyesha kitachipua. Machipukizi yakiwa mengi, bakiza mawili au matatu yenye nguvu. Mti wa namna hii hukua upesi kuliko mche wa kitaluni, maana mizizi yake ni ya zamani.

Kwa hiyo msing'oe visiki. Msichome mkaa kwenye mlima ulioungua. Na msipeleke mifugo huko mpaka majani yashike vizuri. Mbuzi hupenda machipukizi laini. Kwato za ng'ombe hupasua udongo mtupu.

Tuna mfano mkubwa. Kondoa, mkoa wa Dodoma, ilikuwa na makorongo ya kutisha. Huko sababu kubwa haikuwa moto mmoja, bali kukata miti, kulima na kuchunga kwa miaka mingi. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilometa 1,200 za mraba. Majani na miti vilirudi kwenye vilima vilivyokuwa vitupu.

Lakini tuseme ukweli wote. Wafugaji walilipa gharama kubwa. Walilazimika kuhamisha au kuuza mifugo. Baadaye waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache zizini na kuwakatia majani. Sisi tujifunze mambo mawili. Ardhi ikipumzishwa hupona. Na anayeambiwa asichunge, lazima aoneshwe majani yatatoka wapi. Njia moja ni kumruhusu akate majani mlimani kwa mundu, baada ya majani kukomaa, na kuyabeba nyumbani.

Wasukuma nao wana desturi yao ya ngitili. Hutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua, waifungue wakati wa kiangazi. Kutenga ardhi si jambo geni kwetu.

7. KUPANDA

Pandeni majani kwanza, miti baadaye. Majani hushika udongo kwa miezi. Miti huhitaji miaka. Kwenye mistari ya makinga maji pandeni majani ya tembo au vetiva. Vetiva ina mizizi inayokwenda chini sana, na haisambai ovyo.

Penye nafasi ambazo hazikuchipua, pandeni miti ya asili ya mahali penu. Kando ya kijito mkuyu hufaa. Mringaringa na mruka hufaa sehemu nyingi za milimani. Waulizeni wazee: kabla ya moto, hapa palikuwa na mti gani?

Msipande mkaratusi karibu na chemchemi. Mti huo hukua upesi na hunywa maji mengi. Mahali pake si kwenye chanzo cha maji.

8. KUPATANA KWANZA

Kazi hii haiwezi kufanywa kwa amri tupu. Katika milima ya Uluguru, Morogoro, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika miaka ya 1950. Kazi ilikuwa ngumu, na katika sehemu nyingi udongo mzuri ulifukiwa chini na mazao hayakustawi. Watu hawakuulizwa. Mwaka 1955 walipinga kwa nguvu, na mpango ukaachwa.

Basi iteni mkutano wa kijiji. Watu wa juu na watu wa chini wakae pamoja. Wa juu ndio watakaoacha kulima na kuchunga sehemu fulani. Wa chini ndio watakaopata maji safi. Ni haki wa chini walete nguvu zao: siku za kazi, nyasi za matandazo, au majani ya mifugo. Tungeni sheria ndogo ambazo kila mtu anaziona ni za haki. Ziandikeni na kuzisoma kwa sauti. Sasa wengi mnajua kusoma. Hakuna wa kudanganywa.

9. KAZI KWA WAKATI WAKE

Kabla ya mvua: tembeeni dakio, pangeni mahali pa kukimbilia, tandazeni, lazeni magogo, jengeni vizuizi, safisheni makalvati.

Baada ya kila mvua kubwa: kagueni. Gogo lililohama lirudishwe. Kizuizi kilichotobolewa kizibwe siku ile ile.

Mvua ikishika: pandeni majani nyuma ya vizuizi na kwenye mistari. Pandeni miti.

Kiangazi kinachofuata: fyekeni njia ya kuzuia moto, upana wa mita 6 au zaidi, kati ya mashamba na msitu. Mwenye kusafisha shamba asichome bila kibali na bila majirani. Achome jioni, pasipo na upepo, maji na matawi mabichi yakiwa tayari. Mrina asali atumie moshi, asiache kienge kinawaka.

Mwaka wa pili na wa tatu: msilale. Mizizi ya zamani inaoza. Angalieni nyufa kwenye miteremko mikali. Ufa mpya mlimani, au mti ulionyooka ukianza kulala, ni onyo.

Mtajuaje kwamba kazi yenu imefaa? Chukueni chupa nyeupe. Kila baada ya mvua kubwa, jazeni maji ya kijito. Yaacheni yatulie usiku kucha. Asubuhi pimeni tope lililo chini ya chupa kwa rula na kuandika: tarehe, na milimita ngapi. Tope likipungua mvua hadi mvua, udongo wenu unabaki nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Dakio la maji la kijito chenu linaanzia wapi na kuishia wapi? Lichoreni.
2. Kwa nini mvua ya kwanza baada ya moto ni ya hatari?
3. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya hekta 1, huleta lita ngapi? Ni madebe mangapi?
4. Kwa nini katikati ya kizuizi cha mawe pawe chini kuliko pembeni?
5. Jengeni kipimo cha herufi A. Pimeni mstari wa mita 20 karibu na darasa.
6. Jirani yako ana watoto watano na shamba lake limeungua. Anataka kulima mlimani penye majivu. Utamwambia nini? Kijiji kitamsaidia nini?
7. Nani katika kijiji chenu atapiga kengele usiku, mvua ikizidi? Kama hamjui, chagueni leo.